Starlet nyekundu ya ma'mdogo: shajara ya kufufua rangi kwa nta ya karnauba

Juni, Jumamosi ya kwanza

Masika yamekatika, kipupwe kimeingia, sina kisingizio tena. Jana jioni nimevuka na pantoni kutoka Kigamboni nikiendesha Starlet ya ma'mdogo, umbo la EP82, gari la mwanzoni mwa miaka ya 1990 lililompeleka shuleni na kumrudisha nyumbani mpaka alipostaafu ualimu. Injini haina neno. Mwili ndio umechoka. Miaka yote hiyo gari limelala chini ya mwembe, asubuhi kivulini, mchana juani, na upepo wa bahari ukilipiga chumvi upande wa kushoto.

Kadi ya gari inasema ni jekundu. Milango bado inajitahidi, hasa kule chini. Boneti imekuwa ya waridi. Paa limepauka mpaka katikati kuna doa la kijivu, na hilo kijivu si rangi tena, ni praima, ile rangi ya msingi inayopakwa chini.

Kabla ya kulowesha chochote nimefungua boneti nikatafuta kile kibati cha Toyota chenye namba za gari, nikasoma mstari wa C/TR, ule wenye namba ya rangi. Unaanza na 3E5. Wanaozijua Toyota za miaka ile wanaijua nyekundu hii: ikiwa mpya inachoma macho, ikizoea jua inageuka chaki. Nimepitisha kidole kwenye boneti kikatoka na unga. Halafu nikafungua kifuniko cha tenki la mafuta. Kule ndani, mahali jua halijawahi kufika, imebaki nyekundu ya kiwandani, nzito, yenye uchungwa kidogo. Nimeipiga picha. Hiyo ndiyo shabaha.

Jaribio la mwisho la leo ndilo lililoamua kazi nzima. Nimechukua fulana kuukuu nyeupe, nikaweka tone la polishi laini, nikasugua pembeni mwa boneti, mahali padogo tu. Fulana imetoka nyekundu. Maana yake gari hili halina klia. Gari lenye klia ukilisugua, kitambaa kinatoka na uchafu tu, kwa sababu unachokigusa ni tabaka la juu lisilo na rangi. Hapa rangi yenyewe ndiyo ngozi ya nje. Jua limevunja ile gundi inayoshika chembe za rangi, chembe zimebaki huru juu kama vumbi, na chini yake bado kuna rangi nzima. Swali ni imebaki kiasi gani. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima zake zote, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, na ile ya juu kabisa ni sehemu tu ya hizo. Unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Hakuna nafasi ya ushujaa.

Fundi rangi wa gereji ya jirani amepita, akazunguka gari mara moja, mikono nyuma.

“Dada, hapo piga msasa wa maji, rusha rangi upya, weka klia juu. Nta ni urembo tu.”

“Na paa je, fundi?”

“Paa hata mimi sikuulizi. Paa limekwisha.”

Kuhusu paa namuunga mkono. Kuhusu boneti, tutaona.

Jumapili, kuosha

Ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila baada ya kipande. Mchanga uliokwama kwenye sponji ndio unaochora ile mikwaruzo ya duara unayoiona gari jeusi likisimama chini ya taa ya kituo cha mafuta. Maji nimetumia ya bomba. Yale ya kisima cha Kigamboni yana chumvi, yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa meupe ambayo baadaye hayatoki kwa kitambaa.

Kuna kitu kimetokea wakati wa kusuuza, na kila mwenye gari lililopauka ameshakiona bila kukitilia maanani. Maji yalipofunika boneti, ikawa nyekundu. Si nyekundu kidogo, nyekundu kabisa, ile ya chini ya kifuniko cha tenki. Nikasimama na mpira mkononi nikiitazama. Upepo ukapita, maji yakakauka kuanzia kingo, na waridi ikarudi ikifuata ukingo wa maji kwenda katikati.

Hapo ndipo siri yote ya nta ilipo. Boneti haijapoteza nyekundu yake. Uso umekuwa na mabonde na vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga wa jua ukifika unatawanyika ovyo, na mwanga mweupe uliotawanyika ukichanganyika na nyekundu unapata waridi. Maji yanajaza yale mabonde, uso unakuwa sawa, mwanga unaingia kwenye rangi na kutoka ukiwa mwekundu. Kazi yangu ni kufanya alichofanya mpira wa maji, ila kwa kitu kisichokauka dakika kumi baadaye.

Mchana nimepitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya sabuni. Unaukanda, unaubamiza uwe bapa, unauteleza bila kukandamiza. Mwanzoni unasikia unakwaruza, baada ya kupitisha kidogo unanyamaza. Umetoka na utomvu wa mwembe, vumbi la saruji kutoka jengo la jirani wa ma'mdogo, na chembe za kutu za breki. Haukutoa alama za kinyesi cha kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wametapakaa pwani yote, na walichoangusha juu ya Starlet hii kimekula rangi hadi kuacha vishimo vyenye umbo la tone. Hivyo nimevikubali.

Wiki hiyohiyo, jioni kadhaa: mafuta

Kama ningeanza na rabingi, ile polishi kali inayosaga, ningeondoa chaki yote na pamoja nayo rangi nzuri ambayo sina ya kupoteza. Kwa hiyo nimeanza na glezi, ile polishi yenye mafuta mengi na isiyosaga. Wenye magari ya zamani kule Marekani wana mazoea ya kutumia Meguiar's namba 7 kwa kazi hii, chupa iliyokuwepo miongo mingi tangu enzi ambazo magari yote yalikuwa na rangi ya tabaka moja. Inamwagwa kwa ukarimu, inasuguliwa kwa kipande cha taulo lenye manyoya magumu kidogo, inaachwa usiku kucha.

Nimegawa boneti mara mbili kwa tepu ya karatasi. Nusu ya kulia imepakwa, ya kushoto imeachwa. Asubuhi nimefuta: taulo limekuwa jekundu kama nimechinja, na nusu ile imerudi kuwa na rangi. Haing'ai bado, lakini ni nyekundu. Fundi amepita akiwa na chai yake kwenye kikombe cha plastiki, akachungulia, akasema “mh”, akaenda zake.

Baada ya glezi ya pili nimepitisha polishi laini kwa mashine ya kuazima, sponji nyeusi isiyo na ukali, mwendo wa chini. Kwenye kingo na mikunjo ya boneti nimetumia mkono, maana kingo ndipo rangi ilipo nyembamba na mashine haina huruma nazo. Milango na madigadi vimekubali haraka. Buti imenichukua jioni nzima. Paa nimelipaka glezi ili lisikae uchi, basi.

Juni, katikati: kuhusu nta yenyewe

Sasa uso uko sawa kadiri utakavyoweza kuwa sawa, na hapa ndipo watu wengi wanaanzia, wakipaka nta juu ya chaki halafu wanalalamika kwamba nta ni feki. Nta haijengi mng'ao mahali pasipo na uso. Ukishafuta, tabaka linalobaki halifiki hata maikroni moja. Linachoweza ni kujaza mabonde ya mwisho madogo kabisa, kufungia mafuta ya glezi ndani, na kuacha juu kitu kigumu ambacho maji hayakipendi.

Karnauba inatoka kwenye mti wa jamii ya mnazi na mchikichi, Copernicia prunifera, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, hasa majimbo ya Ceará na Piauí. Kiangazi cha huko ni kirefu, na mti unajifunika majani kwa nta ili maji yasiuponyoke. Wavunaji wanakata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, wanayaanika juani, wanayapiga mpaka unga wa nta udondoke, kisha unga unayeyushwa na kuchujwa. Majani machanga ambayo hayajafunguka ndiyo yanayotoa nta ya njano, daraja la kwanza. Yaliyokomaa yanatoa ya kahawia. Kazi yenyewe ni ya sulubu, na wakaguzi wa kazi wa Brazili wamewahi kuwakuta wavunaji katika hali ambazo sheria ya huko inazihesabu kuwa utumwa. Makopo yenye picha ya gari linalometameta hayana habari hizo.

Thamani yake iko kwenye ugumu. Karnauba inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 65. Ni ngumu kuliko nta nyingine zote za asili zinazouzwa. Ndiyo maana inapakwa kwenye vidonge na peremende zisigandane (tazama pakiti, utaiona kama E903), na ndiyo maana iko kwenye dawa ya viatu. Mwaka 1935 Herbert F. Johnson Jr., bosi wa kampuni ya nta za sakafu ya S. C. Johnson, alipanda ndege ya Sikorsky S-38 inayotua majini akaruka kutoka Wisconsin hadi Fortaleza kutafuta kama mashamba ya mti huu yangetosha mahitaji yake. Mtu hafanyi safari ya namna hiyo kwa ajili ya urembo tu, fundi.

Na ugumu huohuo ndio unaofanya kopo lililoandikwa “karnauba asilimia 100” liwe maneno ya biashara. Karnauba tupu ni vibanzi vinavyovunjika kwa nyundo, huwezi kuipaka popote. Kinachouzwa ni karnauba iliyolegezwa kwa mafuta, nta nyingine na tapentaini, kile kiyeyushi cha rangi, au kitu cha ukoo wake.

Juni, mwishoni: jikoni

Nimeamua kuchanganya mwenyewe. Vibanzi vya karnauba, vya njano, nimevipata kwa dada anayetengeneza mafuta ya midomo nyumbani kwake. Nta ya nyuki ni ya Tabora, ilikuja na harufu ya moshi na mabawa ya nyuki ndani, nikaiyeyusha na kuichuja kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa.

Mwenye kutaka kujaribu asome sehemu hii taratibu. Tapentaini inashika moto kwa mvuke wake, si lazima uone tone likianguka kwenye mwali. Jiko la mkaa na la gesi vyote nje ya habari. Nimetumia jiko la umeme kuchemsha maji kwenye sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye nta ikaelea ndani yake. Maji yanayochemka yanatosha kabisa kuyeyusha karnauba na hayaiunguzi. Nta ilipokuwa maji matupu, nimeibeba sufuria ndogo hadi barazani, mbali na jiko, na huko ndiko tapentaini ilikoingia. Chupa ya tapentaini nayo niliitumbukiza kwanza kwenye beseni la maji ya moto, kwa sababu ikiingia ya baridi nta inashtuka na kuganda madonge.

Nimetengeneza vikopo vichache, kila kimoja na kipimo chake, nikaviacha vigande usiku.

Kile chenye karnauba na tapentaini peke yake kimekuwa kigumu, kucha inakikwangua badala ya kuzama, na kikipakwa kinaacha punje. Chenye nta ya nyuki nyingi kimelainika vizuri, kinateleza kwa raha, lakini kikishafutwa kinaacha uso unaonata kidogo na alama ya kidole haitoki. Kilichoshinda ni hiki, kwa uzani: karnauba gramu 20, nta ya nyuki gramu 20, mafuta ya nazi gramu 8, tapentaini gramu 120. Kimeganda kuwa laini kiasi cha kuchoteka kwa sponji, njano iliyokolea, harufu ya moshi wa Tabora bado imo. Mafuta ya nazi yanaongeza ulowevu wa rangi, yakizidi hapo nta haikauki.

Fundi ameomba kile kikopo kigumu. Anasema ni cha viatu vyake vya ibada. Amekipata, na Jumapili viatu vilikuwa vinaonesha anga.

Julai, asubuhi bila upepo

Nimesubiri siku ambayo mabati ya gari ni ya baridi mkononi. Boneti yenye joto inakausha tapentaini kabla hujamaliza kusambaza, na hapo kufuta kunakuwa ugomvi. Plastiki zote nyeusi nimezifunika kwa tepu, kwa sababu nta ikiingia kwenye plastiki yenye vinyweleo inakauka nyeupe na haina adabu ya kutoka.

Sponji imegusa kopo mara moja, mguso wa kuchafua tu, na mguso huo umetosha nusu ya mlango. Watu wanapaka nta kama siagi kwenye mkate. Tabaka nene halina faida yoyote, linalobaki juu ya rangi ni lileile, kinachoongezeka ni kazi ya kufuta. Nimepaka mpaka karibu nisione nilichopaka, mistari ya kwenda na kurudi, kila mstari ukipanda kidogo juu ya mwenzake.

Kisha kusubiri. Unyevu wa Dar asubuhi unachelewesha, kwa hiyo saa haisaidii, kidole ndicho kinachosaidia. Uso ukishafifia na kuwa na ukungu, buruta kidole mara moja. Kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kikivuta nta na kuacha mchirizi wa mafuta, acha kwanza. Mlango wa kushoto ulikubali mapema, boneti ilitaka muda zaidi.

Kufuta ni kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa mara nne, ukigeuza upande mara kwa mara, mkono mwepesi. Kitambaa kimetoka na waridi hafifu. Hilo ni la kawaida kwa rangi isiyo na klia, tapentaini inavuta kidogo, usiogope na usiendelee kusugua ukidhani ni uchafu. Vitambaa vyenyewe nimevianika kimojakimoja kwenye kamba, havirundikwi kwenye ndoo.

Mlango wa nyuma kulia sijaupaka karnauba. Nimeupaka nta ya kutengenezwa kiwandani, ya polima, ili niwe na cha kulinganisha nacho.

Jioni nimepaka mkono wa pili kwenye boneti na buti. Mkono wa kwanza daima unaacha mahali ulipopitiwa, wa pili unaziba. Wa tatu ni kujifurahisha.

Kesho yake

Saa kumi na moja jioni, jua la ubavuni. Mwarobaini wa jirani unaonekana kwenye boneti jani kwa jani, lakini si hilo lililonifurahisha, maana kioo chochote kinaweza kuonesha mti. Ni kwamba chini ya ule mti kuna nyekundu, na jicho linaingia humo likitafuta mwisho wake. Kwenye mkunjo unaopita katikati ya boneti, upande wa mwanga ni wa chungwa na upande wa kivuli unakaribia damu ya mzee, na kati yake hakuna mstari.

Mlango wa polima nao unang'aa. Kwa haki kabisa, ukali wa mng'ao wake ni mkubwa kuliko wa jirani yake. Lakini unang'aa juu, kama umefunikwa nailoni. Nimemwita fundi, sikumwambia upi ni upi. Ameangalia, ameinama, amegusa. “Huu wa mbele umelowa,” akasema. Wa mbele ndio wenye karnauba.

Gari limerudi Kigamboni Jumapili. Ma'mdogo alikuwa barazani anachambua mchele.

“Shikamoo ma'mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Umelinunua jipya?”

Akaliacha sinia, akazunguka gari polepole, akapitisha kiganja juu ya buti. Halafu likaja swali la mwalimu.

“Na nikiliosha kwa sabuni ya unga?”

“Nta itaondoka.”

“Na nisipoliosha?”

“Vumbi litakaa, ma'mdogo. Shampuu nimekuachia.”

“Haya. Na lile la juu?” Alikuwa anaangalia paa.

Agosti

Kinachoharibu nta huku si mvua, ni mambo mawili: jua na kijana wa kuosha magari. Boneti nyekundu mchana wa Dar huwezi kuiwekea kiganja. Karnauba peke yake ingevumilia joto hilo, lakini mchanganyiko wangu una nta ya nyuki na mafuta, nao unalegea mapema zaidi. Upande wa kusini wa gari, unaokaa kivulini, uko vizuri kuliko boneti.

Kijana nimemkuta mwenyewe, pale karibu na kituo cha bodaboda ambako ma'mdogo huwa anampelekea gari. Anafanya kazi kwa moyo, ila ana kachupa ka mafuta ya taa, na akimaliza kuosha anafutia mwili wa gari ili liwe na mng'ao wa kumwonesha mteja. Mafuta ya taa na tapentaini ni ndugu. Kilicholainisha nta kwenye sufuria yangu ndicho kinachoiyeyusha barabarani. Nimemwomba asilipake hili.

“Dada, wateja ndio wanataka,” akasema akicheka.

“Huyu mteja hataki.”

“Basi sawa. Na vumbi je, likiganda?”

“Maji tu, na glovu hii.”

Nimemwachia glovu. Ameanza kuitumia kwa magari mengine pia, na ndoo ya pili ameiongeza mwenyewe, sijui nani kamwambia.

Kunguru wamerudi kazini. Tofauti ni kwamba sasa kinyesi kikifutwa siku ileile kwa kitambaa kilicholowa, hakiachi kitu. Kilichoachwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu kimeacha alama, nta au bila nta.

Septemba, mwishoni

Kipimo ni ndoo moja ya maji. Mwanzoni maji yakimwagwa kwenye boneti yalijikusanya kuwa vitone vya duara vilivyosimama, vikakimbia gari likitikiswa. Leo boneti inayaacha yalale bapa, yanateremka shuka moja pana. Milango ya ubavuni bado ina vitone, vimelegea kidogo. Mlango wa polima una vitone vilevile vya Julai, hauna habari.

Kwa hiyo, mwenye gari la kazi, linalolala nje, linalooshwa na yeyote, achukue polima na asijute. Miezi inapita bila kulirudia. Karnauba huku pwani inataka kurudiwa boneti kila baada ya wiki chache, na mwenye kuipaka awe mtu anayependa hiyo asubuhi ya kuipaka. Mimi napenda. Kwa nyekundu isiyo na klia siibadilishi: polima haikuwahi kuipa boneti hii ule ulowevu, hata nilipoijaribu kwenye kona juu ya glezi.

Nimerudia boneti na buti leo, mkono mmoja. Kazi fupi, maana chini uso bado uko sawa, hakuna haja ya glezi wala mashine. Oktoba jua linapita utosini kwa Dar, na vuli iko nyuma yake, nataka liwe na kitu mwilini.

Oktoba, paa

Ma'mdogo ameuza kuku kadhaa na kunipa bahasha. “Hilo la juu limalize.” Gari limekwenda kwa fundi.

Tumebishana kidogo kuhusu klia. Yeye anaitaka kwa sababu inadumu, na ana haki. Lakini paa la klia juu ya boneti isiyo na klia litakuwa na mng'ao wa aina nyingine, na litaonekana hivyo kila siku mtu anaposimama ngazini kwa ma'mdogo. Tumepiga tabaka moja, bila klia. Duka la rangi limechanganya kwa namba ya 3E5, na fundi amepuliza kadi ndogo kwanza akaisimamisha kando ya boneti, kisha kando ya kifuniko cha tenki. Kwa kifuniko imefanana. Kwa boneti imezidi uchungwa, kidogo sana. Ameongeza matone ya nyekundu nzito, akapuliza kadi nyingine, akaikausha, akairudisha juani. Ameshika kadi hiyo muda mrefu, akiigeuza, jicho moja amelifunga.

“Tuiache hapa,” akasema. “Nta yako itamalizia.”

Itamalizia, ila si sasa. Rangi mpya iliyopulizwa gereji inaendelea kutoa thina yake kwa wiki nyingi, ukiifungia kwa nta inabaki laini chini au inafura vilengelenge. Kwa hiyo paa linaoshwa kwa maji na shampuu tu hadi mwaka mpya, na kijana wa Kigamboni ameshaambiwa. Kuna tepu ya karatasi ndani ya kioo cha mbele, mwandiko wa ma'mdogo, herufi za ubaoni: PAA LISIGUSWE.